BOLTI ILIYOLIKA KICHWA: NAMNA YA KUIFUNGUA BILA KULIHARIBU GARI LA CHAMA

Baada ya ghala, lori ndilo mali yenye thamani kubwa kupita zote ambazo chama cha msingi huweza kuwa nazo. Likisimama wakati wa msimu, mazao hulala vituoni, na mwanachama aliyekwisha kupimiwa pamba yake hubaki akisubiri malipo. Makala haya yanaeleza jambo ambalo kwa macho ni dogo sana, nalo ni bolti iliyoganda na kulika kichwa. Dogo hilo limewahi kukigharimu chama kimoja injini nzima.

Katika chama hicho, ambacho si lazima kutajwa jina, lori lilizimika njiani katikati ya msimu likiwa limesheheni pamba mbegu. Fundi alipoifungua injini alikuta oili imekuwa nzito mfano wa lami, na beringi za krenki zimelika na kuungua. Halmashauri ilishangaa, kwa maana kitabu cha safari kilionyesha kwamba oili ilikwisha kubadilishwa mara mbili tangu msimu kuanza, na leja ya stoo ilionyesha kwamba makopo yalitolewa na kutiwa sahihi. Makopo hayo yalipatikana nyumbani kwa dereva, yote yakiwa bado yamefungwa.

Neno la kwanza lililosemwa lilikuwa wizi. Lakini mwizi wa oili huiuza. Haiweki uvunguni mwa kitanda. Fundi alipotazama chini ya injini alikuta bolti ya kumwagia oili imelika kichwa, imekuwa mviringo kama goroli. Hapo ndipo dereva alipoeleza ukweli. Alijaribu kuifungua, spana ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza zaidi. Mwaka uliotangulia utingo mmoja alikatwa mshahara kwa kuvunja kifaa, basi dereva akaogopa kusema. Tangu siku hiyo alikuwa akiongeza oili kidogo kidogo kwa juu kila ilipopungua, akiinunua kwa fedha zake mwenyewe, na katika kitabu akaandika kama desturi.

KWA NINI KICHWA HULIKA

Kichwa cha bolti kina pembe sita na mbavu sita. Spana iliyo sawa na kichwa huzishika mbavu. Spana iliyo kubwa kuliko kichwa, hata kwa kiasi kidogo, huzigusa pembe tu. Nguvu yote ya mkono hukusanyika penye ncha za pembe hizo, ncha hukatika, na kila jaribio jingine hukisogeza kichwa karibu na umbo la duara.

Chanzo kikubwa cha uharibifu huu ni mchanganyiko wa vipimo. Magari ya Kiingereza ya miaka ya 1960, kama vile Bedford na Land Rover, yaliundwa kwa kipimo cha inchi. Magari ya Kijapani yameundwa kwa milimita. Chama kinapouza gari la zamani na kununua jingine, aghalabu sanduku la spana hubaki lile lile. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana hiyo ikitiwa kwenye bolti ya milimita 12 huingia kwa urahisi, lakini hubaki nafasi ya milimita 0.7, nayo yatosha kuziharibu pembe zote. Inchi moja kamili ni milimita 25.4, juu ya bolti ya milimita 24 hubaki nafasi ya milimita 1.4. Kwa upande mwingine, robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo spana hiyo huifaa bolti ya milimita 19 bila dhara. Hivyo kuingia kwa spana si ushahidi kwamba inafaa. Ushahidi ni kwamba haichezi.

Zipo sababu nyingine. Spana ya mdomo hushika mbavu mbili tu kati ya sita, kwa hiyo haifai kwa kuanzia kazi ngumu. Spana ya ringi yenye meno kumi na mawili hushika karibu na ncha za pembe, wakati boksi spana yenye pembe sita hushika mbavuni; kwa bolti iliyoganda, hiyo ya pembe sita ndiyo bora. Spana ya kurekebisha, ambayo mafundi huiita kwa jina lisilofaa kuandikwa katika jarida hili, hulegea yenyewe wakati wa kazi na imeharibu vichwa vingi. Mwisho ni tope na rangi: spana isiyoshuka mpaka chini hukishika kichwa kwa sehemu ya juu tu.

KWA NINI BOLTI HUGANDA

Chuma kikipata maji na hewa hugeuka kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili na hata zaidi. Ndani ya hesi hakuna nafasi ya ziada. Kutu hujibana humo kama kabari, na bolti ikashikwa kila upande. Penye bomba la moshi joto huongeza ubaya huo. Bolti ya chuma iliyoingia katika aluminiamu nayo hushikana kwa sababu metali hizo mbili zikipata unyevu huliana. Tena zipo bolti zisizo na kutu kabisa, bali mtu alizikaza kupita kiasi kwa kuurefusha mkono wa spana kwa bomba. Bolti ya kumwagia oili mara nyingi huwa katika kundi hili la mwisho.

JAMBO LA KWANZA NI KUACHA

Spana ikiteleza mara ya kwanza, mfanyakazi aache. Huu ndio wakati ambapo kazi ingali rahisi, kwa kuwa kichwa bado kina sehemu kubwa ya mbavu zake. Anayeendelea kwa hasira huigeuza kazi ya saa moja kuwa kazi ya siku nzima.

Akiisha kuacha, ahakikishe kwamba anazungusha upande ulio sahihi. Bolti ya kawaida hufunguka kinyume cha mishale ya saa kwa mtu anayekitazama kichwa chake uso kwa uso. Aliyelala chini ya gari hukosea kwa urahisi, hasa anapokitazama kichwa kwa upande wa nyuma. Yapasa pia kukumbuka kwamba malori mengi ya zamani ya Kiingereza na ya Kijapani yana hesi ya kushoto katika stadi za magurudumu ya upande wa kushoto, na mara nyingi stadi hizo hupigwa alama ya herufi L. Mtu anayezifungua kwa mazoea huzidi kuzikaza, mpaka nati ikalika au stadi ikakatika.

Kabla ya mtu yeyote kuingia chini ya gari, magurudumu yazuiwe kwa vigingi, na gari lilale juu ya stendi madhubuti. Jeki ni ya kuinulia. Si ya kuachiwa uzito wa gari juu ya kifua cha mtu.

HATUA ZA KUIFUNGUA

Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia ile isiyo na madhara hadi ile ya mwisho. Isirukwe yoyote kwa sababu ya haraka.

1. Kusafisha. Tope, rangi na kutu ya nje viondolewe kwa brashi ya waya. Sehemu ya hesi inayoonekana nje ipigwe brashi vilevile, ili bolti isije ikakwama tena inapotoka.

2. Kulowesha. Yatumike mafuta ya kupenya yauzwayo katika maduka ya vipuri. Yakikosekana, dizeli, au mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili nyepesi kidogo, hufanya kazi hiyo, ingawa polepole zaidi. Grisi haifai kwa sababu ni nzito na haipenyi. Mafuta yapakwe jioni, yarudiwe usiku ikiwezekana, na kazi ifanywe asubuhi. Usiku mmoja wa kungoja una nguvu kuliko vijana wawili wenye bomba refu.

3. Kugonga. Kichwa kigongwe kwa nyundo, moja kwa moja kuelekea ndani, mapigo kadhaa ya kiasi. Mapigo hayo huivunja kutu ndani ya hesi na kuyafungulia njia mafuta. Penye kitu cha aluminiamu au chuma cha kalibu, mapigo yawe ya hadhari, maana vyuma hivyo hupasuka. Baada ya kugonga, mafuta yaongezwe.

4. Kutia spana inayobana. Itafutwe boksi spana ya pembe sita ambayo ni ndogo kwa kiasi kidogo sana kuliko kichwa, igongwe kwa nyundo mpaka iingie. Hapa mchanganyiko wa inchi na milimita, ulioleta madhara, hugeuka kuwa msaada: inchi 15/16 ni milimita 23.81, nayo hugongwa juu ya kichwa cha milimita 24 kilicholika ikashika barabara. Kisha nguvu itolewe kwa utaratibu, bila kukurupuka. Bolti ikianza kusogea, irudishwe kidogo, iongezwe mafuta, ifunguliwe tena. Kwenda na kurudi huko huisaga kutu badala ya kuikusanya.

5. Kuchonga mbavu mpya. Penye nafasi ya kutosha, mbavu mbili zinazotazamana zichongwe kwa tupa mpaka spana ya kipimo kidogo zaidi iingie kwa kubana. Kazi hii yahitaji uvumilivu, lakini haina hatari na haihitaji fedha.

6. Koleo la kujifunga. Koleo hili likazwe kwa nguvu juu ya kichwa, likiwa limeshika mbavuni kwa meno yake, kisha lizungushwe. Koleo la kawaida halifai, litakimaliza kichwa.

7. Tindo. Tindo kali la chuma liwekwe karibu na ukingo wa kichwa na kupigwa mpaka lichimbe alama. Kisha lilazwe mshazari, lipigwe kuelekea upande wa kufungulia. Mapigo makali na mafupi hufaa kuliko mazito. Mpigaji avae miwani, maana kipande cha chuma kikiruka hakichagui jicho. Ikiwa kilicholika ni nati na si kichwa cha bolti, tindo lilo hilo, ama msumeno wa chuma, hutumika kuipasua nati ubavuni. Nati mpya haina thamani ya kulinganishwa na stadi.

MOTO

Mafuta na nyundo vikishindwa, moto wa gesi huweza kusaidia. Sababu yake ni hii. Chuma kikipata joto hupanuka. Tundu la milimita 10 lililomo katika chuma, likipashwa kwa nyuzi 300, hupanuka chini kidogo ya sehemu 4 katika 100 za milimita. Ni kiasi kidogo, lakini chatosha kuipasua kutu. Kwa hiyo kinachopashwa ni nati, ama chuma kinachoizunguka bolti, wala si bolti yenyewe. Kikianza kupoa ndipo mafuta yatiwe na spana ijaribiwe.

Moto una mipaka yake, nayo isivukwe. Usiwashwe karibu na tangi, mabomba ya mafuta, mipira ya breki wala betri. Usitumiwe penye bolti iliyokwisha kuloweshwa mafuta ya taa kabla ya kupanguswa na kukaushwa. Usitumiwe kamwe kwenye nati za gurudumu lenye tairi lililojazwa upepo: joto la rimu huweza kulipasua tairi kwa nguvu ya kuua. Nao usitumiwe chini ya sampu yenye oili.

Fundi wa kuchomelea ana njia nyingine iliyo bora sana. Huweka nati kubwa juu ya kichwa kilicholika, akaichomelea kwa ndani. Kichwa hupata mbavu mpya, na joto la kuchomelea huilegeza hesi wakati huo huo. Kabla ya kazi hiyo betri ifunguliwe nyaya zake.

KUTOBOA

Kutoboa ni hatua ya mwisho. Alama ipigwe katikati ya kichwa hasa, kwa kuwa kosa la hapa haliponi. Kianze kipekecho chembamba, kisha kifuate kingine kilicho sawa na unene wa mwili wa bolti. Kichwa kitaanguka, kifaa kilichoshikwa kitaondolewa, na kipande cha bolti kitakachobaki kimesimama kitashikwa kwa koleo la kujifunga. Mara nyingi hutoka kwa urahisi, kwa sababu mkazo wa kichwa umekwisha.

Kifaa cha kuvutia bolti zilizokatika kitumiwe na fundi mwenye uzoefu peke yake. Chuma chake ni kigumu sana lakini huvunjika ghafla, na kikivunjikia ndani, kipekecho cha kawaida hakiwezi kukitoboa.

BOLTI YA KUMWAGIA OILI

Bolti hii ina masharti yake. Kwanza, kabla ya kuijaribu, injini iwashwe kidogo ipate uvuguvugu, kwani sampu ikipanuka bolti hulegea. Lakini oili isiachwe ichemke, isije ikamuunguza mfanyakazi. Pili, sampu ya aluminiamu isipigwe kwa tindo ovyo, maana ikipasuka hasara itakuwa kubwa kuliko ile iliyokuwa ikikimbiwa. Tatu, isitobolewe sampu ikiwa bado mahali pake, kwa sababu chembe za chuma zitaanguka ndani ya injini.

La nne ndilo kubwa kuliko yote: bolti kutofunguka si sababu ya kutobadilisha oili. Oili huweza kunyonywa kwa bomba jembamba na pampu ya mkono kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Haitatoka yote, nao uchafu wa chini utabaki, lakini gari litaweza kumaliza msimu salama mpaka sampu ifunguliwe. Kuongeza oili mpya juu ya oili iliyochoka si kubadilisha; masizi na vumbi la chuma hubaki humo, na beringi ndizo zinazolipa.

Katika chama kilichotajwa hapo juu, fundi aliifungua bolti ile kwa muda usiotimia saa moja. Kichwa kilikuwa cha milimita 24, na dereva alikuwa ametumia spana ya inchi moja iliyobaki katika sanduku la Bedford ya zamani. Fundi alipekua sanduku lilo hilo, akatoa boksi spana ya inchi 15/16, akaigonga kwa nyundo mara nne, bolti ikafunguka. Dawa ilikuwa imelala pamoja na ugonjwa muda wote.

BAADA YA KUFUNGUA

Bolti iliyolika kichwa isirudishwe hata siku moja, hata kama hesi yake ni nzima. Ijayo iwe ya hesi ile ile na ya nguvu ile ile. Bolti za milimita hupigwa namba kichwani, kama 8.8 ama 10.9, namba ikiwa kubwa, chuma ni chenye nguvu zaidi. Bolti za inchi za mfumo wa Kimarekani hupigwa mistari: mitatu ni nguvu ya kati, sita ni nguvu kubwa. Bolti dhaifu ikiwekwa penye usukani au breki ni hatari kwa roho za watu.

Hesi isafishwe kwa brashi, ipakwe mafuta kidogo au grisi, ila kwa nati za magurudumu na sehemu za breki yafuatwe maelekezo ya mtengenezaji wa gari. Bolti ya kumwagia oili itiwe washa mpya. Kisha ikazwe kwa kiasi, kwa spana ya urefu wake wa kawaida.

WAJIBU WA HALMASHAURI

Kwanza, sanduku la spana likaguliwe pamoja na gari. Gari likiwa la milimita, spana ziwe za milimita, na zile za inchi zitengwe katika sanduku lake na kuandikwa katika orodha. Seti moja nzuri ya boksi spana za pembe sita ni gharama ndogo mno mbele ya injini.

Pili, liwepo Daftari la Kasoro, mbali na kitabu cha safari. Dereva aandike humo kila tatizo siku ile ile, na Katibu Meneja atie sahihi kwamba ameona.

Tatu, oili chafu irudishwe stoo na ipimwe. Leja inayoonyesha kutoka kwa oili mpya bila kurudi kwa oili chafu haijathibitisha kwamba kazi imefanyika. Laiti chama kile kingekuwa na utaratibu huu, siri ingefichuka katika wiki ya kwanza, na lori lingekuwa barabarani hadi leo.

Nne, lililo gumu kuliko yote, Halmashauri itenganishe kosa lililoripotiwa na kosa lililofichwa. Mfanyakazi anayesema asubuhi kwamba amekilika kichwa cha bolti amekihifadhia chama fedha, hata kama kosa ni lake. Akikatwa mshahara kwa kusema, wenzake wote wamefundishwa kunyamaza. Utingo yule aliadhibiwa kwa kifaa ambacho bei yake ilikuwa ndogo. Adhabu hiyo ndiyo iliyofunga mdomo wa dereva, na mdomo uliofungwa ndio ulioua injini.

Katika mkutano mkuu wa chama kile, mwanachama mmoja mzee hakuuliza bei ya injini mpya. Aliuliza ni nani aliyejua, na kwa nini hakupata mahali pa kusema. Swali hilo lilijibiwa kwa azimio la kuanzisha Daftari la Kasoro, na dereva, baada ya kuonywa kwa maandishi juu ya kuandika uongo katika kitabu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika ndani yake: nati moja ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, imeanza kulika, haijaguswa, inangoja spana iliyo sawa.